Ningu na mto wa nchi ya chai

Mito ya Itare, Kiptiget na Kipsonoi hutoka katika Msitu wa Mau, hupita kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, kisha huungana kuwa Mto Sondu-Miriu unaoingia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Wengi wakisimulia uvuvi wa mito ya nyanda za juu Kenya huanza na mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta trauti kutoka Uskoti na kuwapandikiza Mto Gura, Aberdare. Samaki huyo alivuliwa na walowezi kwa ndoana, kwa burudani. Hiyo ni sura fupi tu.

Sura ndefu ni ya samaki wa Ziwa Victoria aitwaye ningu. Huishi ziwani lakini hutaga mitoni. Masika yakifurisha mto, makundi yake hupanda kinyume cha maji hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Wakipsigis wa vilimani, waliotegemea maziwa na wimbi, hawakumjali. Waluo wa kando ya mito ya Nyanza walimngoja kwa hamu. Walisimika kek, uzio wa fito na matete uliokata mto, wakaacha mianya na kutega migono ya kusuka. Ufundi huo ulirithishwa kizazi kwa kizazi, na ulihitaji mtu anayeujua mto wake vizuri, kina, kasi na majira.

Mwaka uleule wa 1905 nyavu za makila ziliingia Ghuba ya Winam. Zilitegwa hata midomoni mwa mito, zikawanasa ningu wakiwa na mayai tumboni. Kufikia mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alikuwa akiandika juu ya kuanguka kwa ningu na kufifia kwa mitego ya asili katika Mto Nzoia, mto mwingine unaoingia Ziwa Victoria. Leo ningu yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Nyavu si mkosaji pekee. Furiko linalomwita ningu hutoka Mau, na msitu ukifyekwa mto huteremka na udongo. Maji ya Sondu-Miriu pia huchepushwa kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 60.

Serikali za kaunti za Kericho, Bomet, Kisumu na Homa Bay zikae meza moja: kingo za mto zirudishiwe miti ya asili, na nyavu zipigwe marufuku midomoni mwa mito kila masika.