Majina Yaliyobaki Daftarini

Juu ya kilima cha Mbuya, mashariki mwa Kampala, yalipo makao ya Wizara ya Ulinzi na hospitali ya kijeshi, Kiswahili ni lugha ya kazi tangu dahari, kwa kuwa askari wa Uganda waliirithi kutoka jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo batalioni yake ya nne ilikuwa yao, pamoja na ada ya kuita majina: aliyepo huitika, na asiyeitika hutafutwa khabari zake kabla ya mshahara wake kutoka.

Ada hiyo ikilegea, jina hubaki ilhali mwenyewe amefariki au ametoroka, na haki yake huliwa na mwingine. Mwaka 2003 iliundwa kamati chini ya afisa wa jeshi Salim Saleh kuchunguza askari hewa, na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyekuwa kamanda wa jeshi, katika kesi ya mishahara ya askari wa namna hiyo, ikamhukumu kifungo cha miaka 3. Wala dhulma hii, kwa maoni yangu, si ya fedha peke yake, kwani kikosi kinachosomeka kamili katika waraka, kikipelekwa vitani, huwatwika wachache waliopo mzigo wa wasiokuwapo.

Mashine za hesabu nazo zilipewa daftari la mahudhurio mapema. Mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix, uliotolewa mwaka 1971 katika maabara ya Bell huko Marekani, ulikwisha kueleza jalada la wtmp, liandikwamo kila kuingia na kutoka kwa watumiaji. Na Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991, ikalirithi. Amri ya last hulisoma jalada hilo, na lastlog hutaja siku ya mwisho ya kila mtu, hata mtunzaji akitaka majina ya wasioingia kwa siku 90 huyapata mara moja.

Amma linalowapotosha wengi ni ule muhula wa kutotumika uliomo katika jalada la maneno ya siri, shadow, ambao hauhesabiwi tangu mtu alipoingia mara ya mwisho, bali tangu neno lake la siri lilipokwisha muda. Basi neno lisilowekewa mwisho huiacha akaunti wazi miaka na miaka. Kadhalika, amri ya usermod -L hutia alama ya mshangao mbele ya neno la siri lililofumbwa, na mwenye ufunguo wa SSH, wa kuingilia kutoka mbali, aweza bado kuingia, mpaka akaunti yenyewe iwekewe tarehe ya kukoma iliyokwisha kupita.

Kuifunga akaunti, aghalabu, ni bora kuliko kuifuta, kwa sababu mafaili hujulikana kwa nambari ya mwenyewe, si kwa jina, na nambari hiyo akipewa mgeni, yote yaliyoachwa na aliyeondoka huwa milki yake.