Bingwa Aliyepoteza Mechi 16

Bingwa wa kwanza wa Major League Soccer, ligi ya soka ya kulipwa ya Marekani inayojulikana zaidi kama MLS, alicheza mechi 32 za msimu wa kawaida. Alishinda 16, akapoteza 16. Kwa msomaji aliyekulia na Ligi Kuu ya Tanzania Bara au ya Kenya, ambako anayekaa kileleni mwishoni mwa msimu ndiye bingwa, hesabu hiyo inachekesha. Kwetu timu ya namna hiyo ingemaliza katikati ya msimamo, na kocha wake angekuwa ameshafungashiwa virago. Lakini Oktoba 20, 1996, D.C. United ya Washington ndiyo iliyonyanyua kombe. Ukiufuatilia msimu ule mwezi kwa mwezi, utaona kwamba haikuokota dodo chini ya mnazi.

Ligi yenyewe ilizaliwa kwa ahadi. Julai 4, 1988, FIFA iliipa Marekani uenyeji wa Kombe la Dunia la 1994, na Wamarekani nao wakaahidi kuanzisha ligi ya kulipwa ya daraja la kwanza. Hawakuwa nayo. Ligi ya zamani, NASL, ambayo enzi za Pelé na New York Cosmos ilijaza viwanja, ilikuwa imekufa baada ya msimu wa 1984, klabu zake zikiwa zimetumia fedha kuliko zilizoingia. Walioianzisha MLS walikuwa bado na hofu ya msiba ule. Wachezaji walisaini mkataba na ligi, si na klabu. Mishahara ikawekewa ukomo, na nyota wakagawanywa kutoka makao makuu. Ligi ilitarajiwa kuanza mwaka 1995, ikaahirishwa hadi Aprili 1996, ikiwa na timu 10: tano Mashariki, tano Magharibi.

Sheria zake zilikuwa na vituko. Saa ya uwanjani ilihesabu kurudi nyuma, kutoka dakika 45 hadi sifuri. Sare haikuruhusiwa. Dakika 90 zikiisha timu zikiwa sawa, mchezaji alianza na mpira umbali wa kama mita 32 kutoka golini, akapewa sekunde 5 kumkabili kipa, ambaye naye alikuwa huru kutoka langoni kumfuata. Ushindi wa kawaida ulileta pointi 3, ule wa mikwaju hiyo pointi 1, na aliyefungwa kwa njia yoyote hakupata kitu. Kisha, kama ilivyo desturi ya Wamarekani katika mpira wa kikapu na michezo yao mingine mikubwa, msimamo haukumtaja bingwa. Ulichagua tu wa kuingia kwenye mtoano. Kati ya timu 10, zilivuka 8, na mwisho wa mtoano huo bingwa wa Mashariki alikutana na bingwa wa Magharibi katika mechi moja tu.

D.C. United ndiyo iliyopewa heshima ya kufungua pazia. Aprili 6, mbele ya watazamaji 31,683 mjini San Jose, dakika zilikuwa zikiyoyoma bila bao, na wenye ligi walianza kuogopa kwamba mechi yao ya kwanza ingekwisha 0-0. Dakika ya 88 Eric Wynalda wa San Jose Clash akampiga tobo beki Jeff Agoos, kisha akauzungusha mpira ukamshinda kipa. Ligi ikashusha pumzi. Washington walirudi nyumbani mikono mitupu, na wiki iliyofuata wakatandikwa 4-0 na Columbus Crew. Walipocheza kwa mara ya kwanza mbele ya mashabiki wao, kwenye uwanja wa RFK, wakafungwa 2-1. Waliowafunga siku hiyo walikuwa Los Angeles Galaxy. Mechi nne za mwanzo zilipokwisha, D.C. United walikuwa hawajashinda hata moja.

Galaxy, kwa upande wao, walikuwa hawakamatiki. Mechi yao ya kwanza nyumbani, Aprili 13, iliwaleta watu 69,255 kwenye uwanja wa Rose Bowl, idadi ambayo hata waandaaji hawakuitegemea, nao wakawalaza MetroStars 2-1. Makao makuu yalikuwa yamepiga hesabu vizuri. Los Angeles ina Wameksiko wengi, hivyo ikapewa Jorge Campos, kipa wa Meksiko wa kimo cha mita 1.68, aliyejibunia mwenyewe jezi zenye rangi za kuumiza macho na ambaye mara nyingine aliacha lango akacheza mbele kama mshambuliaji. Ina pia watu wengi wa El Salvador, ikapewa Mauricio Cienfuegos, kiungo mdogo wa umbo mwenye pasi za kupenya. Mbele alisimama Eduardo Hurtado wa Ekuado, jitu waliloliita “El Tanque”, yaani kifaru cha vita, ambaye alimaliza msimu na mabao 21. Pembeni alikimbia Cobi Jones mwenye rasta. Chini ya kocha Lothar Osiander, timu hiyo ilishinda mechi 12 mfululizo tangu siku ya kwanza.

Mtu angeulizwa mwezi Juni nani atakuwa bingwa, asingehitaji kufikiri.

Washington, wakati huo, walikuwa wanajengwa wakiwa njiani. Kocha wao Bruce Arena alitoka Chuo Kikuu cha Virginia, ambako alikuwa amezoea kutwaa ubingwa wa vyuo, na msaidizi wake alikuwa Bob Bradley. Mwaka ule Arena alikuwa na kibarua cha pili: timu ya Marekani ya Olimpiki ya Atlanta. Alikuwa na nahodha John Harkes, aliyerejea kutoka soka la Uingereza, na mfungaji Raúl Díaz Arce wa El Salvador. Aliyepaswa kuiendesha timu alikuwa Marco Etcheverry wa Bolivia, fundi wa mguu wa kushoto mwenye nywele ndefu. Dunia ilimkumbuka kwa jambo moja lisilopendeza: katika mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la 1994 aliingia kutoka benchi dhidi ya Ujerumani, na baada ya dakika chache akalambwa kadi nyekundu. Katika wiki za mwanzo za MLS alionekana mzito, na minong'ono ikaanza.

Arena hakumtoa. Alimpa muda, na akamtafutia watu wa kucheza naye. Agosti alifika Jaime Moreno, Mbolivia mwenzake, kutoka Middlesbrough ya Uingereza. Alikuwa mshambuliaji mwenye chenga za taratibu, na yeye na Etcheverry walikuwa wakijuana tangu timu ya taifa. Katika ulinzi aliingia Eddie Pope, kijana wa miaka 22 kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina, ambaye mwaka huo aliugawa kati ya klabu na kikosi cha Olimpiki. Kiangazi kilipokwisha, timu iliyoingia uwanjani na jezi nyeusi haikuwa ile iliyopigwa tobo San Jose.

Msimamo wa mwisho ulilificha badiliko hilo. Mashariki, Tampa Bay Mutiny ya Carlos Valderrama na Roy Lassiter, aliyefunga mabao 27, ilimaliza kileleni na pointi 58, ambazo hakuna timu nyingine katika ligi nzima iliyozifikia. D.C. United walikuwa wa pili kwa pointi 46. Magharibi Galaxy waliongoza kwa pointi 49, wakiwa na ushindi 19 na vipigo 13. Lakini toa zile mechi 12 za mwanzo: Galaxy walishinda 7 tu kati ya 20 zilizobaki. Toa vipigo vinne vya mwanzo vya Washington: walishinda 16 kati ya 28. Tena, kati ya mechi 19 walizoshinda Galaxy, nne ziliamuliwa kwa mikwaju ya sekunde 5, na kati ya 16 za Washington, moja. Katika dakika 90 za kawaida kila mmoja alishinda mechi 15. Msimamo unahesabu Aprili na Septemba kwa uzito uleule, wala haukuonyi kwamba mmoja anapanda na mwingine anashuka.

Mtoano ulianza vibaya kwa Washington. Walipoteza kwa mikwaju mechi ya kwanza kati ya tatu dhidi ya MetroStars, wakashinda ya pili, na ya tatu wakaichukua 2-1, Díaz Arce akifunga penalti dakika za lala salama. Baada ya hapo walikutana na Tampa Bay, vinara wa ligi nzima. Waliwafunga 4-1, kisha 2-1, kazi ikaisha kwa mechi mbili. Galaxy waliwatoa San Jose kwa mechi tatu na Kansas City Wiz kwa mbili. Timu iliyoanza vizuri kuliko zote sasa ingekutana na ile iliyochelewa kuamka.

Fainali ilipangwa Foxboro, nje kidogo ya Boston, uwanja ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Tiketi zaidi ya 42,000 zilikuwa zimeuzwa. Siku hiyo ikaja dhoruba kutoka baharini, ikinyonya unyevu wa kimbunga Lili kilichokuwa mbali Atlantiki, na eneo lote la Boston likapata mafuriko. Mvua ilipigwa na upepo ikaja kwa mlalo. Majani yalikuwa yamegeuka madimbwi. Mpira uliopigwa pasi ya chini ulisafiri hatua chache ukakwama, na mpokeaji akaufuata akichapa maji. Hata hivyo watu 34,643 walikuja, wamevaa makoti ya mvua na mifuko ya plastiki.

Dakika ya 5 Cienfuegos akapiga krosi, Hurtado akaruka juu ya mabeki, kichwa, 1-0. Katika hali ile bao moja lilikuwa na thamani ya mawili, kwa kuwa nani angeweza kujenga shambulizi katika ziwa? Washington walijaribu pasi zao za kawaida, zikafia majini. Dakika ya 56 kiungo Chris Armas akaachia shuti lililojaa wavuni, 2-0. Galaxy walikuwa na Campos golini na nusu saa na ushei ya kulinda.

Hapo ndipo Arena alipofanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Aliwaingiza Tony Sanneh, mchezaji mrefu aliyezaliwa Minnesota kwa baba Mgambia, na Shawn Medved. Na timu ikaacha kubishana na maji. Kama mpira hauendi chini, utapita juu, na wa kuupitisha huko ni Etcheverry. Kila faulo karibu na eneo la hatari ikawa tishio, kwa sababu mpira uliosimama haukwami kwenye dimbwi: unauweka, unafuta uso, unapiga.

Dakika ya 73 Etcheverry akapiga mpira wa adhabu, Sanneh akauunganisha kwa kichwa: 2-1. Galaxy wakaanza kurudi nyuma, jambo ambalo wenye mabao mawili hulifanya bila kuambizana. Dakika ya 82, mbele ya lango lililojaa miguu na matope, Medved akaukuta mpira uliokuwa umezuiwa na kurudi, akausukuma ndani: 2-2. Ile timu ya mechi 12 mfululizo sasa ilikuwa ikitazama saa inayohesabu kurudi nyuma na kuomba ifike sifuri.

Ilifika, lakini kwa fainali haikuja mikwaju moja kwa moja, bali nyongeza ya bao la dhahabu: atakayefunga kwanza amemaliza mchezo. Dakika ya 94 Washington wakapata kona. Etcheverry akaenda kuipiga. Kwa kipa, kona katika mvua ya upepo ni mtihani mgumu, kwani mpira umelowa na hausafiri pale jicho linapoutarajia, na mtu wa mita 1.68 lazima aamue kutoka au kubaki kabla hajajua utaangukia wapi. Pope alikimbia akaruka, akakutana nao kwa paji la uso, ukaingia. 3-2. Wachezaji wa Washington waliteleza kwa matumbo kwenye maji kama watoto, na Etcheverry, yule wa kadi nyekundu, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Kijana wa chuo na wachezaji wawili wa akiba ndio waliofunga mabao matatu ya ubingwa.

Siku kumi baadaye timu hiyo hiyo ilitwaa U.S. Open Cup, ikiifunga Rochester Raging Rhinos 3-0. Galaxy walipoteza fainali nyingine mbili, za 1999 na 2001, kabla ya kulipata kombe mwaka 2002, tena Foxboro, kwenye uwanja mpya uliojengwa jirani na ule wa mvua. Tampa Bay Mutiny, vinara wa msimamo wa kwanza, walivunjwa mapema mwaka 2002. Mikwaju ya sekunde 5 na saa ya kurudi nyuma viliondolewa kuanzia msimu wa 2000. Mashabiki walianzisha tuzo yao, Supporters' Shield, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 1999, ili anayeongoza msimamo naye apate cha kushika. Fainali haikuguswa.

Mjadala wa kipi ni haki, msimamo au fainali, bado upo, na una hoja pande zote. Msimamo hulipa uvumilivu, wakati fainali huuliza wewe ni nani leo. Kwa mwaka 1996 jibu lilikuja mwaka uliofuata. Msimu wa 1997 D.C. United, wakiwa na Etcheverry, Moreno, Pope na Harkes tangu siku ya kwanza, walimaliza kileleni mwa ligi nzima kwa pointi 55, kisha wakaifunga Colorado Rapids 2-1 katika fainali kwenye uwanja wao wa RFK. Safari hii msimamo na kombe vilisema jambo moja. Msimamo ulikuwa umechelewa mwaka mmoja tu kuisema habari ambayo fainali ya Foxboro ilikuwa imeshaitoa.