Makro Ngumu Zikae Wapi? Scheme Ilishapigania Hii Vita

Wasee, swali la makro si la jana. Lina miaka zaidi ya 60.

Makro ni msimbo unaoandika msimbo. Unaandika kifupi, kompyuta inakifungua kiwe kirefu kabla programu ianze kazi. Lisp ya John McCarthy ilianza MIT mwaka 1958, na 1963 Timothy Hart akapendekeza iwekewe makro. Ukikosa kitu kwa lugha, unajijengea. Tamu, ama?

Sasa shida. Makro inatumia jina "temp" kwa ndani, na wewe pia uko na "temp" yako. Majina yanagongana, programu inatoa jibu la uongo, na ukiangalia msimbo wako huoni kosa lolote. Utakesha.

Mwaka 1986 Eugene Kohlbecker na wenzake wakaonyesha jinsi ya kufanya kila jina lijue kwao. Scheme, lugha ndogo ya ukoo wa Lisp iliyoanzishwa na Sussman na Steele mwaka 1975, ikalichukua hilo wazo, lakini polepole. Kwa ripoti ya 1991 makro zilikuwa tu kwa kiambatisho. Mwaka 1998 zikaingia ndani kabisa, zile rahisi: onyesha umbo linaloingia, onyesha linalotoka, basi.

Halafu 2007 ikafika. Ripoti mpya, R6RS, ikaleta makro ngumu, zile zinaweza kufanya hesabu yoyote wakati wa kufunguliwa. Kura ilipita, lakini watu waligawanyika na watengenezaji kadhaa wakakataa kuifuata. Ndio maana lugha ikapasuliwa mbili, ndogo na kubwa. Ile ndogo ilitoka 2013, na makro ngumu ziliachwa nje.

Mimi niko na hao wa 2013. Najua bei yake: kila mtengenezaji anabaki na makro ngumu za kivyake, na programu yako ikihamia kwingine inaweza kugoma. Hiyo ni hasara kweli. Lakini maktaba mbaya unaitupa unachukua nyingine. Kiini cha lugha hakitupwi. Kila anayeanza lazima akibebe.

Na wengi wetu tunaanza bila lecturer, bila darasa. Niliacha chuo, najua. Lugha yenye kiini kidogo unaweza kuimaliza peke yako. Hizo ngumu zitakungoja kwa maktaba, siku ukizihitaji.