Dawa Iliyongoja Miaka Mingi

Mwaka 1962 kazi mbili zilitokea katika nchi mbili zilizo mbali, na miaka zaidi ya 30 ikapita kabla hazijakutana. Tunataka kuwaeleza habari zake, maana zinahusu damu, na damu ni uzima.

Kazi ya kwanza ilitokea Uingereza. Mganga John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, aliwahurumia watu walioharibika nyonga, hata hawakuweza kutembea wala kulala kwa maumivu. Aliwatia kiungo kipya: kichwa cha chuma kinachozunguka katika kikombe cha plastiki. Plastiki ya kwanza ilichakaa upesi. Mwaka 1962 akapata iliyo ngumu zaidi, na watu wakatembea. Baadaye magoti pia yakabadilishwa.

Lakini kukata mfupa kunatoa damu nyingi. Mtu mzima ana lita tano hivi, na wengine walipoteza lita moja au zaidi, ikawapasa kuongezewa damu ya watu. Sisi wa Kongo tunajua hatari yake: katika miaka ya 1980 watoto wa Kinshasa waliougua malaria waliongezewa damu isiyopimwa, na baadhi yao wakapata ukimwi.

Kazi ya pili ilitokea Tokyo, Japani. Bibi Utako Okamoto na mume wake Shosuke, baada ya vita, walikuwa na fedha kidogo. Wakachagua kuchunguza damu, kwani ikikosekana wangetumia yao wenyewe. Bibi huyo alifanya kazi akimbeba mtoto mgongoni. Mwaka 1962 walitangaza dawa iitwayo asidi traneksamiki.

Inafanyaje kazi? Penye jeraha mwili hufuma nyuzi ndogo kama wavu, damu ikaganda hapo. Kisha mwili wenyewe huuyeyusha wavu ule. Ukiyeyuka mapema mno, damu hutoka tena. Dawa hii haifumi wavu; inauzuia tu usiyeyuke upesi.

Waganga wengi walisita, wakihofu damu isije ikaganda ndani ya mishipa. Mwaka 1995 waganga wa Finlandi waliwapa dawa hiyo wagonjwa waliobadilishwa goti, na damu iliyopotea ikapungua karibu nusu. Wengine walijaribu, wakaona vivyo hivyo. Leo hospitali nyingi huitumia, ila mganga huuliza kwanza kama mgonjwa amewahi kuziba mishipa.

Tangu mwanzo Bibi Okamoto alitamani hasa kuwasaidia akina mama wanaotokwa na damu nyingi wakijifungua. Alikufa mwaka 2016, mwenye miaka 98. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa akina mama 20,060 katika nchi 21, nyingine za Afrika, ulionyesha kwamba dawa yake inapunguza vifo vyao vya kutokwa na damu, hasa ikitolewa kabla ya saa tatu kupita.

Wahenga husema: Kawia ufike. Dawa imefika. Lakini anayetokwa na damu hawezi kungoja. Basi tumpeleke hospitali upesi.