Kumi na Mmoja Bora wa Kriketi ya Kenya: Hoja Juu ya Kipimo cha Uteuzi

Katika mijadala ya kuteua timu ya kriketi ya nyakati zote, yaani wachezaji kumi na mmoja wanaodhaniwa kuwa hawajapata kupitwa katika nchi fulani, hoja inayoaminiwa kuliko zote ni wastani. Kwa mpigaji, wastani ni jumla ya mikimbio yake, yaani alama anazozipata kwa kukimbia baina ya wiketi mbili au kwa kuupiga mpira hadi mpakani, ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Kwa mrushaji, ni mikimbio aliyowaachia wapinzani ikigawanywa kwa idadi ya wapigaji aliowatoa. Imani hiyo ina sababu zake. Don Bradman wa Australia alistaafu akiwa na wastani wa 99.94 katika mechi za Testi, zile za siku nyingi zinazochezwa na mataifa yenye hadhi kamili, na pengo kati yake na waliomfuata ni kubwa kiasi kwamba jopo la watu 100 lililoombwa na kitabu cha mwaka cha Wisden, mnamo 2000, kuwataja wanakriketi watano wa karne lilimpa kura zote 100, huku Garfield Sobers wa West Indies akipata 90. Hata hivyo, wastani hudai kitu ambacho Kenya haijapata kuwa nacho, nacho ni kumbukumbu rasmi ndefu isiyokatika.

Kenya ilijitenga na timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na kujiunga peke yake na Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) mwaka 1981, ikapata hadhi ya mechi rasmi za siku moja mwaka 1996, ikaipoteza mwaka 2014, na haikupewa kamwe hadhi ya Testi. Mechi hizo za siku moja ni zile ambazo kila upande hurushiwa ova 50, na ova moja ni mipira sita. Kwa hiyo kinachoitwa takwimu za Kenya ni takwimu za kipindi kisichofika miaka ishirini, na hata ndani ya kipindi hicho yapo matundu. Steve Tikolo, ambaye hakuna orodha yenye uzito inayoweza kumwacha nje, alipata mikimbio 147 kati ya 241 ya Kenya katika fainali ya ICC Trophy ya mwaka 1997 jijini Kuala Lumpur, fainali ambayo Bangladesh iliishinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Kwa kuwa mashindano hayo hayakuhesabiwa kuwa ya hadhi ya kimataifa, mikimbio hiyo 147 haimo katika wastani wake wa mechi za siku moja, ambao ulibaki chini ya 30. Anayesoma jedwali peke yake atamwona mpigaji wa kadiri. Anayeisoma fainali ile atamwona mtu aliyepata asilimia 61 ya alama za timu nzima katika siku iliyokuwa na uzito kuliko nyingi.

Makala haya yanatetea kipimo kingine: mchezaji apimwe kwa sehemu aliyoibeba katika mechi yenyewe na kwa uzito wa wapinzani aliokabiliana nao. Kipimo hiki kinajaribiwa vizuri zaidi katika nafasi ya mrushaji wa mipira ya kuzunguka, kwa kuwa hapo wagombea wawili wanakaribiana sana. Tarehe 24 Februari 2003, katika kiwanja cha Gymkhana jijini Nairobi, Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Bila ushindi huo ni vigumu kuiwazia nusu fainali ya Kombe la Dunia ambayo timu hiyo iliifikia. Siku kumi na tisa baadaye, jijini Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa amekwisha kustaafu na kurejea akiwa na umri wa miaka 39, aliirushia Australia, bingwa mtetezi, ova 8 na mipira 2, akaachia mikimbio 7 tu. Ova sita kati ya hizo zilikuwa tupu, maana yake hazikuzaa mkimbio hata mmoja, na miongoni mwa watatu aliowatoa alikuwamo nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda, lakini Karim ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mechi.

Wastani wa urushaji wa Obuya uliharibika katika miaka iliyofuata, alipogeuka kuwa mpigaji zaidi kuliko mrushaji, hadi akafikisha mikimbio 98 bila kutolewa dhidi ya Australia hiyo hiyo jijini Bangalore mwaka 2011. Jedwali huwachanganya watu wawili hawa, mrushaji wa 2003 na mpigaji wa 2011, likamtoa mtu mmoja wa kawaida. Kwa kipimo kinachotetewa hapa, Obuya anaingia kikosini kwa kazi zote mbili, na Karim anaingia kama mrushaji halisi. Kumwacha mmoja ili kumpisha mwenzake ni kutii hesabu mahali ambapo mchezo wenyewe umekwisha kusema.

Suala la Maurice Odumbe ni zito zaidi. Ndiye nahodha aliyeiongoza Kenya kuishinda West Indies mjini Pune tarehe 29 Februari 1996, ambapo Kenya ilipata mikimbio 166 na kuwatoa wapinzani wote kwa 93, yeye mwenyewe akiwatoa watatu kwa mikimbio 15. Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano usiofaa na mawakala wa kamari. Wapo wanaolifuta jina lake kwa sababu hiyo, na hasira yao ina msingi, kwani mchezo ambao matokeo yake yanatiliwa shaka hauna cha kumpa mtazamaji. Lakini orodha ya wachezaji bora ni ushahidi wa kilichotendeka uwanjani, na hakuna anayeweza kusimulia kriketi ya Kenya akiiruka Pune. Uamuzi wa haki ni kumpa nafasi katika timu, adhabu yake ikitajwa kando ya jina, na kumnyima unahodha, kwa sababu unahodha ni amana na amana ndiyo iliyovunjwa. Unahodha huo unamwendea Tikolo, aliyeiongoza timu ya 2003.

Kuna swali ambalo wateuzi hulipita haraka: kikosi hiki ni cha Kenya ipi? Mkazi wa Kiganjo, pembezoni mwa Thika, anayepanda matatu kwenda Nairobi hupita Juja na Ruiru kabla ya kufika Ruaraka palipo na kiwanja cha kriketi, na Gymkhana yenyewe haiko mbali na mahali barabara hiyo inapoishia. Viwanja viko kwenye njia yake ya kila siku, ila viko upande wa mwisho wa safari. Mchezo ulikuzwa na vilabu vya jumuiya zenye asili ya Kihindi, kama Aga Khan, Sikh Union na Jaffery, na vijana Waafrika waliofika timu ya taifa wengi waliuchukua kwa ndugu zao waliotangulia: Tikolo, Odumbe, Suji, Obuya na Ngoche ni majina ya familia kabla ya kuwa majina ya wachezaji. Wingi huo wa ndugu ni sifa kwa familia hizo. Vilevile ni kielelezo cha jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba. Kijana wa Kiganjo mwenye mkono mwepesi kama wa Tikolo hakushindwa katika uteuzi wowote, kwa maana hakupata kuhesabiwa miongoni mwa wanaoteuliwa. Hivyo sifa ya ubora wa nyakati zote inapaswa kusomwa pamoja na mipaka hii, bila kuwapunguzia hadhi waliofika.

Mipaka ya wakati nayo imewaumiza wengine, na hapa ndipo kipimo kipya kinapodai gharama. Jawahir Shah aliichezea Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975 nchini Uingereza, ambako timu hiyo iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilipoteza mechi zake zote tatu. Dhidi ya India alipata mikimbio 37 kati ya 120 ya timu, karibu theluthi moja. Kumbukumbu yake rasmi ya kimataifa inaishia kwenye mechi hizo tatu, na kwa jedwali hana haki ya kusimama karibu na Hitesh Modi, mpigaji wa mkono wa kushoto aliyetegemewa katika Kombe la Dunia mara tatu. Modi ana mechi nyingi zaidi, na anayemtetea hatetei upuuzi. Lakini ikiwa sehemu aliyoibeba mtu ndiyo kipimo, na ikiwa kipimo hicho ndicho kilichotumika kumpandisha Tikolo kwa ajili ya Kuala Lumpur, basi nafasi ya nne katika safu ya wapigaji ni ya Jawahir Shah, naye Modi awe mchezaji wa kumi na mbili.