Nani Alilipia Shanga za Kibiti?

Wasomi wanapozungumza juu ya historia ya pwani yetu hutaja Wagiriki, Waarabu, Wareno na Wajerumani, lakini sijapata kusikia akitajwa mhasibu. Naona huko ni kumdhulumu. Karibu yote tunayoyajua leo juu ya bonde la Rufiji na delta yake yamepatikana kwa sababu mtu fulani, katika ofisi fulani, alitia saini hati ya malipo ili mhadhiri apate masurufu, dereva apate posho na Landrova ipate mafuta. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, na Kibiti ndiko nyumbani. Naomba msomaji anivumilie niitazame historia yetu kutoka upande huo wa hati za malipo.

Nianze na shanga. Mwaka 1999 jarida la Current Anthropology lilichapisha makala ya Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu shanga za kioo alizozifukua Mkukutu, karibu na Kibiti. Yeye alizitambua kuwa ni za ulimwengu wa Kirumi. Kabla ya hapo tulikuwa na maandishi matupu. Kile kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, ambalo jina lake lilitokana na vyombo vya kushonwa kwa kamba, ndugu wa mitepe ya babu zetu. Ptolemy naye akaiweka Rhapta kando ya mto. Mto gani? Wapo waliosema Pangani, wapo waliosema Rufiji, na ubishi uliendelea kwa miaka mingi bila mtu yeyote kutia jembe ardhini kwa nia ya kuumaliza. Wengine hawakukubaliana na Chami, na ubishi juu ya mahali pa Rhapta haujaisha. Hata hivyo tangu siku hiyo wabishi wamekuwa na kitu cha kushika mkononi.

Sasa tuulize: aliwezaje mhadhiri wa Mlimani kwenda kufukua Rufiji katika miaka ile? Wanaoikumbuka miaka ya 1980 wanajua hali ya vyuo vyetu ilivyokuwa. Mshahara wa mhadhiri haukufika mwisho wa mwezi. Wengine walifuga kuku, wengine waliendesha teksi, na wengi walikimbilia kazi za ushauri zilizolipwa na mashirika ya nje. Somo la akiolojia lenyewe lilianza kufundishwa Mlimani mwaka 1985, wakati hazina ya serikali ilikuwa imekauka. Kusema chuo kitoe fedha za kufukua vigae kingekuwa kichekesho.

Fedha zilitoka Uswidi. Nchi hiyo iliunda mwaka 1975 shirika la kusaidia utafiti katika nchi zinazoendelea, SAREC, ambalo mwaka 1995 liliunganishwa na Sida. Mwaka 1987 SAREC ikaanza kugharimia mradi mkubwa juu ya chimbuko la miji katika Afrika ya Mashariki, uliowakutanisha wanaakiolojia wa nchi kadhaa, kuanzia Somalia hadi Msumbiji na visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika mkondo huo vijana wa Kiafrika walipata nafasi ya kusomea shahada za juu huku wakifukua makwao. Chami alipata udaktari wake Uppsala mwaka 1994, kwa tasnifu juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Waliomtangulia katika kazi ya pwani, kama Neville Chittick aliyefukua Kilwa, walivutwa zaidi na majumba ya mawe na misikiti, mambo yanayoonekana kwa macho. Huku kwetu Kibiti hakuna gofu la kumshangaza mgeni. Ilihitaji mtu mwenye swali jingine, kwamba je, hao wakulima wa kale waliofua chuma ndio waliokuwa wakifanya biashara na watu wa mbali? Na mtu huyo alihitaji mfuko wa kulipia swali lake.

Nimesikia watu wakilaumu kwamba fedha za Wazungu huleta maswali ya Wazungu. Lipo la kweli katika hayo, ila mfano wa shanga unawapinga. Waswidi walilipa, na jibu lililokuja liliwanyanyua wakulima wa kale wa Rufiji.

Mfano wa pili ni wa mto. Kati ya mwaka 1955 na 1960 FAO ililichunguza bonde lote la Rufiji, na ripoti yake ikatoka mwaka 1961, wakati tunapata uhuru. Baadaye serikali ikaamua kujenga bwawa la umeme kwenye korongo la Stiegler. RUBADA ikaundwa mwaka 1975, na Norwei ikagharimia uchunguzi mwingi wa kitaalamu. Wakati huo Mlimani palikuwa na BRALUP, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1967 kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi. Chini ya taasisi hiyo Mnorwei mmoja, Audun Sandberg, alitoa mwaka 1974 uchunguzi wake juu ya maisha ya watu wa bonde la chini. Aliyaona mafuriko kama alivyoyaona mkulima wa Rufiji: maji huleta rutuba, yakipungua hubaki unyevu, na hapo ndipo hupandwa mazao ya mlau. Kumbuka kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali ilikuwa imewahamisha watu kutoka bondeni kuwapeleka kwenye vijiji vilivyopangwa, ikiamini inawaokoa na maji hayo hayo. Mnorwei mwingine, Kjell Havnevik, alilifuatilia bonde hili kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 1993 kinaonyesha mipaka ya maendeleo yanayoamriwa kutoka juu.

Kuna kazi ya tatu ambayo haikuwa ya wahadhiri peke yao. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa fedha za IDRC ya Kanada, ilichagua Rufiji na Morogoro Vijijini kujaribu jambo jepesi kulieleza: fedha za afya za wilaya zifuate magonjwa yanayoua watu kweli. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa na waliokufa. Vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Huo ndio utafiti ambao mama wa Ikwiriri aliuona kwa macho yake bila kusoma ripoti.

Mimi nami nimepata kushika madodoso, katika mradi mmoja ambao sitautaja. Fedha zilichelewa, zikaja masika, na ziliagizwa zitumike kabla mwaka wa mfadhili haujafungwa. Tukaenda vijijini wakati njia zimekatika na watu wako madunguni wakilinda mashamba. Tuliwakuta wazee na wagonjwa, tukawauliza maswali themanini na mawili. Mzee mmoja aliniuliza, “Mwalimu, haya majibu yatarudi?” Nikamjibu kuwa yatarudi. Ripoti ilipotoka ilikuwa kwa Kiingereza, nakala zake zikabaki mjini, na mzee akafariki bila kuiona.

Na sisi wenyewe je? Viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos mwaka 1980 kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa sayansi na teknolojia. COSTECH iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ukafuata mfuko wake wa taifa, MTUSATE. Miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na fedha za ndani ambazo wahadhiri hushindania kwa maandiko. Nafurahi, ingawa lile lengo la Lagos bado liko mbali.

Bwawa sasa lipo, linaitwa Julius Nyerere. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti. Wanakijiji wengine wakasema ni maji ya bwawa, serikali ikasema ni mvua na kwamba bwawa limepunguza madhara. Delta yenye misitu mikubwa ya mikoko kuliko yote ya Afrika ya Mashariki iko chini ya mto huo, na rutuba yake ilikuwa ikiletwa na matope ya mto. Kujua matope mangapi yanafika Salale na Mbwera kunataka mtu akae na vipimo msimu baada ya msimu, kwa miaka kumi au zaidi. Ruzuku nyingi ninazozisikia ni za miaka mitatu.