Redio ya Walio Mbali Yahitaji Mlezi wa Kudumu



Mwezi wa Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengwa kwa ajili ya redio na televisheni za umma kwa muda wa miaka miwili. Katika miji mikubwa pigo hilo liliuma. Katika sehemu za mbali, kama jimbo la Alaska lililo kaskazini kabisa ya nchi hiyo, lilitishia uhai wenyewe wa vituo. Habari hiyo yatupa sababu ya kutazama nyuma na kuuliza: redio ya watu walio mbali huishi kwa nguvu ya nani?

Alaska ni kubwa kuliko Burundi yetu kwa zaidi ya mara 60, lakini wakazi wake hawafiki laki nane. Vijiji vingi havina barabara. Hufikiwa kwa ndege, kwa mashua, au kwa magari ya theluji. Huko Fairbanks, katikati ya jimbo, baridi ya Januari huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mfanyabiashara hana faida ya kufungua redio katika vijiji kama hivyo, kwa kuwa wanunuzi wa bidhaa anazotangaza ni wachache na wametawanyika mno.

Kazi aliyoikwepa mfanyabiashara ilishikwa na chuo kikuu. Tarehe 1 Oktoba 1962, miaka mitatu tu baada ya Alaska kuwa jimbo, Chuo Kikuu cha Alaska kilirusha hewani kituo chake cha KUAC mjini Fairbanks. Sheria iliyoweka msingi wa fedha za redio za umma katika Marekani ilikuja baadaye, mwaka 1967. Maana yake ni kwamba kituo kilizaliwa kabla ya ruzuku hiyo, wala hakikungoja hisani ya Washington ndipo kianze kusema. Mwaka 2019 Gavana wa Alaska alifuta ruzuku ya jimbo kwa redio za umma. Mwaka 2025 ikafuatia ile ya taifa. Mapigo hayo ni mazito. Hata hivyo, kituo chenye paa la chuo kikuu na wasikilizaji wanaokichangia kina mizizi zaidi ya mmoja, na mti wa namna hiyo hauanguki kwa upepo wa siku moja.

Sasa na turudi Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei 1982, huko Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, Serikali ikishirikiana na UNESCO ilianzisha kituo kidogo cha redio. Kilitangaza kwa Kijaluo, lugha ya wenyeji, kwa mitambo ya bei nafuu, wakati ambapo redio karibu zote barani zilisemea katika miji mikuu. Lilikuwa jaribio jema. Lakini mwaka 1984 Serikali ilikifunga, na wananchi hawakuwa na chombo chochote cha kukitetea. Wafadhili walikuwa wageni na ruhusa ilikuwa ya wakubwa, basi mkulima wa Homa Bay akabaki msikilizaji tu.

Sisi katika Burundi tunalo somo chungu zaidi. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la kupindua Serikali, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Rema viliharibiwa pamoja na televisheni ya Renaissance. Isanganiro na Rema viliruhusiwa kurudi hewani mwaka 2016, na Bonesha mwaka 2021. Katika muda huo wananchi wengi milimani waliipoteza sauti waliyoizoea.

Hapa Mutanga Nord tunakaa karibu na Chuo Kikuu cha Burundi, chuo chenye asili yake mwaka 1964. Vijana wake hutoka kila pembe ya nchi. Wanajua Kirundi cha nyumbani kwao na shida za mashamba ya wazazi wao. Chuo kina walimu wa kilimo, wa tiba na wa sheria. Je, elimu hiyo ibaki ndani ya kuta za madarasa, na huku mkulima wa Kirundo au Muyinga akihitaji kujua namna ya kupambana na ugonjwa wa migomba?

Kweli, chuo kikuu nacho hulipwa na Serikali, na paa lake si ngao ya chuma. Kwa sababu hiyo hapana budi sheria itamke wazi kwamba kituo cha namna hiyo ni mali ya umma, na wasikilizaji nao wakichangie, japo kwa kidogo, ili wapate haki ya kukidai. Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Redio ya walio mbali itadumu pale ambapo walio mbali wenyewe wataweza kusema kwamba ni yao.